Viungo mchanganyiko chunguni: mwongozo kamili wa kupika kwa ajili ya moyo, presha na sukari

Viungo vya pilau havitibu presha. Nalitanguliza hili kwa sababu kila wiki mitandaoni kuna mtu anauza chupa ya unga wa manjano au mdalasini kwa jina la dawa ya moyo, na kuna wagonjwa wanaoacha vidonge vyao vya hospitali kwa kumsikiliza. Hata hivyo, viungo hivyo hivyo vikiingia kwenye chakula cha kila siku, kwa kiasi cha maana na kwa mpangilio mzuri, vinausaidia mwili kwa namna mbili. Ya kwanza ni ndogo: vyenyewe vinagusa kidogo presha na mafuta yanayozunguka kwenye damu baada ya kula. Ya pili ni kubwa zaidi na haisemwi sana: vinakuwezesha kupunguza chumvi, vidonge vya supu na mafuta, na watu wa nyumbani wakala wakaomba kuongezewa.

Mwongozo huu umejengwa juu ya hiyo namna ya pili. Utakuchukua kuanzia sokoni hadi kwenye daftari la kupimia presha.

Utafiti umeona nini hasa

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Penn State huko Marekani wameshughulika na viungo mchanganyiko kwa muda mrefu. Mwaka 2011 walichapisha matokeo ya jaribio dogo: wanaume 6 wenye uzito uliozidi walipewa mlo wenye mafuta mengi mara mbili, siku tofauti. Siku moja mlo ulikuwa mtupu, siku nyingine uliwekwa gramu 14 za viungo, vikiwemo manjano, mdalasini, karafuu, pilipili manga, kitunguu saumu na paprika (unga wa pilipili isiyo kali). Siku ya viungo, trigliseridi, yaani yale mafuta yanayopanda kwenye damu baada ya kula, yalikuwa pungufu kwa asilimia 31, na insulini ilikuwa pungufu kwa asilimia 21. Matokeo ya kutia moyo, ila watu 6 ni wachache mno kujengea hoja, na gramu 14 kwa mlo mmoja wa mtu mmoja ni nyingi.

Ndiyo maana jaribio lao la 2021 lina uzito zaidi. Waliwachukua watu 71 waliokuwa kwenye hatari ya maradhi ya moyo na kisukari, wakawalisha chakula cha kawaida cha Wamarekani kwa vipindi vitatu vya wiki nne nne. Chakula hakikubadilika, kilichobadilika ni viungo tu: gramu 0.5, 3.3 au 6.6 kwa siku, kila mtu akipitia vipindi vyote. Presha iliyopimwa kwa saa 24 ilishuka kidogo watu walipokula kiasi kikubwa, chini ya milimita 2 za zebaki, kipimo kinachotumika kupimia presha. Lehemu (kolesteroli) haikubadilika. Sukari ya damu haikubadilika. Hata presha iliyopimwa kliniki haikuonyesha tofauti. Na ni haki ya msomaji kujua kwamba fedha zilitoka kwenye taasisi ya McCormick, kampuni inayouza viungo. Hilo halifuti matokeo, kwani mpangilio wa utafiti ulikuwa mzuri, ila ni sababu moja zaidi ya kutokuza mambo.

Sasa linganisha na jaribio jingine la Marekani, lililochapishwa 2015, la mtafiti Cheryl Anderson na wenzake. Watu 55 walilishwa kwanza chakula chenye chumvi kidogo kwa wiki nne. Kisha nusu waliachiwa wajisimamie, nusu wakafundishwa kupika kwa viungo na majani yenye harufu kwa wiki 20. Waliopika kwa viungo walikula sodiamu, madini yaliyomo kwenye chumvi, pungufu kwa karibu gramu 1 kwa siku kuliko wenzao, sawa na gramu 2.4 za chumvi. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asivuke gramu 5 za chumvi kwa siku. Kwa hiyo viungo viliwasaidia kuondoa karibu nusu ya kiasi kizima kinachoruhusiwa. Hapo ndipo moyo unapopata nafuu ya kweli, kwa kuwa uhusiano wa chumvi na presha umethibitishwa miaka na miaka.

China nako, utafiti wa watu 606 uliochapishwa 2017 ulikuta kwamba wapenda pilipili kali hula chumvi pungufu na presha yao iko chini kuliko wasiopenda ukali. Utafiti wa kuangalia tu watu wanavyoishi hauwezi kuthibitisha kwamba ni pilipili iliyoshusha presha, lakini unaelekea kule kule: ulimi ukipata ladha nyingine, haudai chumvi nyingi.

Hatua ya kwanza: nunua vizima

Nenda Darajani, Marikiti ya Mombasa, Kariakoo au soko la kwenu, ununue viungo ambavyo havijasagwa. Unga wa tayari hupoteza harufu haraka, na harufu ndiyo unayoihitaji ifanye kazi ya chumvi. Zaidi ya hapo, kiungo kizima ni vigumu kuchanganywa na unga wa mahindi, pumba au rangi.

Suala la rangi si dogo. Huko Bangladesh, watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walionyesha mwaka 2019 kwamba manjano yalikuwa yanatiwa kromati ya risasi, rangi ya njano yenye madini ya risasi, ili yang'ae. Risasi ni sumu ya ubongo kwa watoto, na kwa watu wazima hupandisha presha. Kwa hiyo mtu anaweza kula manjano kwa ajili ya moyo huku akijidhuru. Chagua mizizi iliyokauka yenye rangi iliyofifia, yenye vumbi la udongo. Ikiwa mzizi unawaka njano kwa nje na unaacha rangi kali kwenye vidole kabla hujaukwangua, uache hapo hapo. Ukiweza kupata manjano mabichi, ni bora zaidi: yaoshe, yamenye, yakune.

Mdalasini nao unahitaji jicho. Kuna mdalasini wa Ceylon, ambao gamba lake ni jembamba, limejikunja tabaka juu ya tabaka, na unavunjika kwa vidole. Mdalasini unaolimwa Unguja na Pemba kwa kawaida ni wa aina hii. Na kuna kasia, ambayo ni gamba moja nene, gumu kama kipande cha mti. Kasia ina kumarini nyingi, kemikali inayoweza kuumiza ini ikiliwa nyingi kila siku. Kwa mtu wa kilo 60, gramu 2 za kasia kwa siku, chini kidogo ya kijiko cha chai, tayari zinafikia ukomo uliowekwa na wataalamu wa Ulaya. Mdalasini wa Ceylon una kumarini kidogo sana. Ukishasagwa huwezi kutofautisha, hiyo ni sababu nyingine ya kununua vipande.

Orodha ya kuanzia ni hii: giligilani (mbegu za dhania), bizari nyembamba ambayo wengine huiita uzile, pilipili manga, manjano, iliki, karafuu, mdalasini. Tangawizi na kitunguu saumu nunua vibichi. Uwatu nitauzungumzia peke yake chini.

Hatua ya pili: tengeneza mchanganyiko unaoweza kuliwa kwa wingi

Mchanganyiko wa pilau wa kawaida hauwezi kutumika kila siku kwa kiasi kikubwa. Una karafuu na mdalasini mwingi, na ukiuzidisha kwenye maharage au mchicha, chakula kinakuwa kichungu na kinanuka kama dawa. Ndiyo maana watu wengi wanaishia kutia kijiko kimoja kidogo cha "masala" kwenye sufuria ya watu sita, kiasi ambacho hakiwezi kumsaidia yeyote, kisha wanamalizia kwa chumvi. Kiungo kinachoruhusu wingi ni giligilani. Ni tulivu, inatia uzito kwenye mchuzi, na haina uchungu. Ifanye iwe msingi, bizari nyembamba iifuate, na vile vikali viwe vichache.

Kwa chupa moja ya karibu gramu 60:

- giligilani, vijiko vinne vya chakula
- bizari nyembamba, vijiko vitatu vya chakula
- pilipili manga, kijiko kimoja cha chakula
- manjano ya unga, kijiko kimoja cha chakula (kama huna mabichi)
- iliki, punje 12
- karafuu, punje 10
- mdalasini, kipande cha urefu wa kidole kidogo

Usipunguze pilipili manga hadi ikapotea. Manjano yana kiambato kiitwacho kukumini ambacho mwili unakipokea kwa shida sana, na piperini iliyomo kwenye pilipili manga inausaidia ukipokee zaidi. Kukumini pia inayeyuka kwenye mafuta na si kwenye maji, kwa hiyo mafuta kidogo ya kuungia yana kazi yake. Mabibi zetu waliokuwa wakitia manjano, pilipili manga na tui kwenye mchuzi mmoja walikuwa wanafanya jambo sahihi.

Kukaanga ndiko kunakoamua. Kama unatumia jiko la mkaa, subiri makaa yafifie au toa mawili matatu, kisha weka kikaangio kikavu bila mafuta. Tia giligilani kwanza, kwa kuwa inachelewa. Isogeze kwa mwiko bila kusimama. Mwanzo itanuka majani makavu, halafu harufu itageuka iwe tamu, kama ya ganda la chungwa, na punje zitaanza kubadilika rangi kidogo. Hapo tia bizari nyembamba. Hii ni nyepesi, nusu dakika inatosha kuanza kurukaruka na kutoa moshi mwembamba sana. Ukiona moshi mzito, umechelewa: mwaga, anza upya, maana bizari iliyoungua haitengenezeki na uchungu wake utakusukuma utie chumvi na sukari kuuficha. Malizia na pilipili manga, iliki, karafuu na mdalasini uliovunjwavunjwa, sekunde chache tu, kisha mimina vyote kwenye sinia pana vipoe. Manjano ya unga usiyakaange, yanaungua mara moja. Yachanganye baada ya kusaga.

Usisage vikiwa vya moto. Joto linatoa mvuke, unga unashikana, na ukiufungia kwenye chupa unyevu ule unaleta ukungu. Kinu na mchi vinatosha, mashine ndogo ya kusagia ni haraka zaidi. Weka kwenye chupa ya kioo yenye mfuniko, kabatini, mbali na jiko. Saga kidogo kidogo. Unga wa wiki mbili tatu una nguvu kuliko wa miezi sita.

Hatua ya tatu: jua kiasi

Rudi kwenye zile gramu 6.6 za siku nzima. Kijiko cha chai cha unga wa viungo, kisicho na kilima, kina gramu 2 hadi 3. Kwa hiyo mtu mmoja anahitaji vijiko viwili na nusu hivi kwa siku, vikigawanywa kwenye milo yote. Ukichukua nusu ya kiasi hicho kwa mlo mkuu, ni gramu 3 kwa kila mlaji. Sufuria ya watu sita inakuwa na gramu 18, karibu vijiko vitatu vya chakula vya ule mchanganyiko wetu.

Wengi wakisikia vijiko vitatu wanashtuka. Si lazima viingie chungu kimoja. Viwili kwenye maharage au mchuzi, kimoja kwenye mboga au wali, na mambo yamekwisha. Kama familia haijazoea, anza na kimoja, ongeza kila wiki. Kitunguu saumu na tangawizi mbichi ni nyongeza juu ya hapo.

Hatua ya nne: pika

Nitatumia maharage, kwa kuwa yanaliwa karibu kila nyumba na kwa kuwa ndiyo chakula bora cha kuanzia kwa mwenye sukari.

Loweka nusu kilo ya maharage usiku, mwaga maji yale, yachemshe kwa maji mapya bila chumvi mpaka yaive. Katakata vitunguu maji viwili, twanga punje tano za kitunguu saumu na kipande cha tangawizi cha ukubwa wa kidole gumba, katakata nyanya tatu zilizoiva.

Kwenye bakuli dogo koroga vijiko viwili vya chakula vya mchanganyiko wako na maji nusu kikombe cha chai mpaka iwe rojo. Hatua hii wengi hawaifanyi, na ndiyo inayokuwezesha kutumia mafuta kidogo. Unga mkavu ukitiwa kwenye mafuta machache unaungua. Kwa hiyo mpishi anaongeza mafuta, kisha anaongeza tena. Rojo haliungui.

Weka mafuta vijiko viwili vya chakula, ya alizeti au mengine ya maji, kaanga vitunguu kwa moto wa wastani mpaka viwe rangi ya kahawia. Usiviharakishe, utamu wa kitunguu kilichoiva vizuri unapunguza hamu ya chumvi. Tia saumu na tangawizi, geuza, kisha mimina rojo la viungo. Litachemka, litakauka taratibu, na mwisho utaona mafuta yanajitenga pembeni. Hiyo ndiyo dalili kwamba viungo vimeiva na havitaacha ladha ya unga. Tia nyanya, zivunjike, kisha maharage na maji yake. Acha yachemke pole pole robo saa.

Chumvi inatiwa sasa, mwishoni, na ipimwe: kijiko kimoja cha chai kisicho na kilima, ambacho ni gramu 5 hadi 6, kwa watu sita. Inakuwa karibu gramu 1 kwa kila sahani. Onja. Kama unahisi kuna kitu kinapungua, usiongeze chumvi kwanza, kamulia ndimu au tia maji ya ukwaju. Uchachu unaamsha ladha ya chumvi iliyopo. Mara nyingi kilichokuwa kinapungua kilikuwa uchachu. Pambia kotmiri na pilipili mbichi kwa wanaoipenda.

Kama unapenda tui, tia tui jepesi, la pili, na lile zito uliache kwa siku za sherehe. Mafuta ya nazi ni mafuta mazito yanayoweza kupandisha lehemu mbaya, na viungo havifuti hilo.

Mpangilio huo huo, yaani rojo, vitunguu vilivyoiva, chumvi mwisho na uchachu, unafaa kwa samaki, kuku aliyetolewa ngozi, kunde, mbaazi, choroko na bilinganya. Kwa mchicha na majani ya kunde punguza mchanganyiko hadi kijiko kimoja na uongeze kitunguu saumu.

Hatua ya tano: ondoa chumvi kwa ngazi

Pima kwanza unapoanzia. Watu sita wakifuata ukomo wa gramu 5 kila mmoja, nyumba nzima inatumia gramu 30 kwa siku, na pakiti ya nusu kilo inadumu siku 16 au 17. Hapo ni kama hakuna chumvi nyingine mnayokula, na mnayo: kwenye mkate, chipsi, achari, ng'onda, dagaa wa chumvi, soseji. Kwa hiyo pakiti inapaswa kudumu zaidi ya wiki mbili na nusu. Andika tarehe kwenye pakiti siku unayoifungua, utajua hali yenu bila kubishana.

Kisha punguza robo ya chumvi ya chunguni kila wiki moja au mbili. Ulimi unazoea ndani ya wiki chache, na wasioambiwa mara nyingi hawatambui. Vidonge vya supu na unga wa mchuzi wa paketi viondoke kabisa, na ni bora viondoke mwanzo. Soma karatasi yake: mara nyingi kitu cha kwanza kwenye orodha ya viambato ni chumvi. Mtu anayetia viungo vyake na bado anaweka vidonge viwili hajapunguza chochote. Chumvi ya mezani iondolewe mezani, hilo halihitaji maelezo.

Tahadhari moja: madukani kuna chumvi iliyochanganywa na potasiamu, inayouzwa kwa wenye presha. Mwenye maradhi ya figo, au anayetumia dawa za presha zinazobakiza potasiamu mwilini, asiiguse bila kumuuliza daktari.

Sahani nzima na kikombe cha chai

Viungo haviokoi mlima wa wali. Jaza nusu ya sahani mboga na kachumbari, robo maharage au samaki, robo iliyobaki wali, ugali au ndizi. Pilau ya mchele mweupe na nyama ya mafuta bado ni mlo mzito hata ikiwa na viungo vyote vya Pemba.

Chai ya viungo ndiko watu wanakojidanganya zaidi. Tangawizi, iliki, mdalasini, vizuri sana, halafu vijiko vitatu vya sukari. Vikombe viwili vya namna hiyo vinafikisha gramu 24 za sukari, na kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani linakiona bora kwa mtu mzima kwa siku nzima ni karibu gramu 25. Punguza nusu kijiko kila wiki huku ukiongeza iliki na mdalasini, vina harufu tamu inayosaidia. Kahawa chungu ya barazani, yenye tangawizi na isiyo na sukari, ni mfano tulionao tayari. Halua na tende za pembeni zihesabiwe.

Uwatu, na wanaopaswa kuwa waangalifu

Uwatu una nyuzinyuzi laini zinazovimba kwenye maji na kuchelewesha sukari ya chakula kuingia kwenye damu, na majaribio kadhaa kwa wenye kisukari yameonyesha sukari ikishuka. Loweka kijiko kimoja cha chai usiku, asubuhi upige povu au utie kwenye mchuzi. Anza kidogo, ukizidi unaharisha. Anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari apime sukari mara kwa mara anapoanza, kwani dawa na uwatu vikishusha sukari kwa pamoja anaweza kutetemeka, kutoka jasho na hata kuzimia. Mjamzito asiutumie kwa wingi.

Kwa kiasi cha chakula, viungo ni salama kwa watu wengi. Hatari inaanza vinapogeuzwa dozi. Vidonge vya manjano, hasa vilivyokolezwa piperini, vimehusishwa na maradhi ya ini Marekani na Italia. Anayetumia warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, asianze vidonge vya kitunguu saumu, tangawizi wala manjano, damu inaweza kukataa kuganda. Mwenye mawe ya figo apunguze manjano kwa kuwa yana oksalate nyingi, kemikali inayochangia mawe hayo. Mwenye mawe kwenye kibofu cha nyongo amuulize daktari kabla ya kuyaongeza. Mwenye vidonda vya tumbo au kiungulia aache pilipili kali, abaki na giligilani, bizari na iliki. Kungumanga ni ya kukwaruza kidogo tu: gramu 5 kwa mkupuo zinaweza kuleta mapigo ya moyo kwenda mbio na kuona mauzauza. Iwekwe mbali na watoto.

Hatua ya mwisho: pima

Usiongozwe na hisia. Presha haiumi, na aliyejisikia vizuri si lazima awe mzima. Kama una mashine ya mkononi, pima kwa siku saba kabla ya kubadili upishi: asubuhi kabla ya chai na dawa, na jioni. Nenda haja ndogo kwanza. Kaa kwenye kiti chenye egemeo dakika tano bila kuzungumza, miguu chini bila kukunja nne, mkono mtupu bila nguo, umelazwa mezani usawa wa moyo. Pima mara mbili, ukiacha dakika moja katikati, andika zote. Siku ya kwanza usiihesabu, chukua wastani wa zilizobaki. Nyumbani, 135 kwa 85 au zaidi inahesabiwa kuwa juu.

Baada ya wiki nne za upishi mpya rudia vile vile, kisha linganisha wastani na wastani. Lehemu na trigliseridi zipime maabara baada ya miezi mitatu. Mwenye kisukari apime HbA1c, kipimo cha damu, katika kipindi hicho hicho, kwa sababu kinaonyesha wastani wa sukari wa miezi miwili hadi mitatu na hakidanganywi na mlo wa jana.

Ukikuta 180 kwa 120 au zaidi, kaa kimya dakika tano upime tena. Ila kama una maumivu ya kifua, ukungu machoni, ganzi upande mmoja au unashindwa kusema vizuri, nenda hospitali papo hapo, usisubiri kipimo cha pili wala asubuhi.

Kama presha imeshuka, usijipunguzie dawa. Peleka daftari kliniki, mweleze daktari kwamba umepunguza chumvi na kwa kiasi gani, kwa kuwa dozi iliyopangwa wakati unakula chumvi nyingi inaweza kuwa kubwa sasa, na kizunguzungu unapoinuka kitandani ni dalili yake mojawapo. Yeye ndiye atakayeamua kama ipunguzwe.